Ilizima Bila Kuaga: Kompyuta Inayojiwasha Upya Kila Ukiweka Video

Swali

Shikamoo fundi. Niko Tanga. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba, kasha dogo, Core i5-3470, RAM 8GB, Windows 10. Hesabu za duka nazifanya humo kutwa nzima, haina neno. Ila watoto wakiweka katuni YouTube, au sisi wakubwa tukiweka filamu usiku, haifiki nusu saa skrini inakuwa nyeusi, nembo inatokea, inaanza upya yenyewe. Hakuna onyo wala maandishi ya bluu. Mwaka jana mpwa wangu aliweka kadi ya grafiki, GTX 750 Ti, ili acheze gemu. Fundi wa mtaani ameshapiga Windows mara mbili, na mara zote mbili nimelipa. Sasa anasema mazabodi imekufa, ninunue mashine nyingine. Ninunue?

Jibu

Marahaba dada. Usinunue chochote kwanza. Na huyo fundi akija tena na flashi yake ya Windows, mkaribishe chai, lakini flashi ibaki mfukoni.

Pesa yako ya mara mbili haikupotea yote, maana imetujulisha kitu. Ugonjwa uliostahimili kufutwa kwa diski mara mbili si kirusi, wala si programu ambayo watoto waliipakua bila kujua. Ama uko kwenye vifaa, ama kwenye umeme, ama kwenye draiva ya kadi (programu inayoiongoza kadi) ambayo kila Windows ikipigwa inarudishwa ile ile. Kuhusu mazabodi kufa: mazabodi iliyokufa haifungui vitabu vya duka asubuhi hadi jioni. Inaweza kuwa na kasoro, ndiyo, lakini hiyo nitaifikia mwishoni, na hata kwa meza yangu ya kazi huwa inafika mwishoni.

Watu wengi wanaiona video kama kazi nyepesi kwa sababu wao wenyewe wamekaa tu wanaangalia. Kwa mashine ni kinyume. Ukiwa kwenye hesabu, kompyuta inakusubiri wewe. Kati ya tarakimu moja na nyingine prosesa inasinzia mara nyingi kuliko unavyodhani. Video haina kusinzia: picha 25 au 30 kila sekunde, wakati mwingine 60, kila moja ifunguliwe, ichorwe, iambatane na sauti, na kipande kijacho kiwe tayari kimeshatoka mtandaoni au kwenye diski. Saa nzima bila kupumua. Baiskeli yenye mnyororo uliolegea unaweza kuiendesha tambarare mwaka mzima, ukianza kupanda kilima ndipo mnyororo unaruka. Kwa hiyo tusiseme video inaiharibu kompyuta yako. Video ndiyo kilima, na kazi yetu ni kuutafuta mnyororo.

Swali la kwanza kabisa ninaloliuliza mimi, kabla sijashika bisibisi, ni hili: ilipozima, iliaga?

Kuna namna mbili za kompyuta kujiwasha upya. Ya kwanza, Windows yenyewe imekutana na kosa ambalo haiwezi kuendelea nalo. Inasimamisha kila kitu, inaandika namba ya kosa kwenye skrini ya bluu na kwenye kumbukumbu zake, halafu inajiwasha. Hiyo imeaga. Ya pili, umeme wa ndani ya kasha umeyumba na kila kitu kimekatika kabla Windows haijafumbua mdomo. Hiyo imeondoka bila kuaga. Tiba za hizi mbili hazifanani hata kidogo, na fundi anayezichanganya ndiye anayepiga Windows mara mbili.

Unasema hujaona maandishi ya bluu. Hilo bado si ushahidi, kwa sababu Windows imewekwa tangu awali ijiwashe yenyewe ikipata kosa, na kwa mashine yenye haraka skrini ya bluu inaweza kupita kama umeme wa radi. Kwa hiyo leo hii fanya jambo moja tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter. Nenda kwenye kichupo cha Advanced, chini kabisa kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, uondoe tiki palipoandikwa Automatically restart. Hifadhi. Kuanzia hapo, kama Windows inaaga, itabaki imesimama kwenye skrini ya bluu hadi uisome. Piga picha kwa simu.

Kisha tufungue daftari la mashine yenyewe. Kitufe cha Windows na R tena, andika eventvwr.msc. Kushoto fungua Windows Logs, halafu System. Tafuta mistari yenye alama nyekundu iliyoandikwa Kernel-Power, namba 41. Utaikuta mingi, naapa. Watu wakiiona wanashtuka na kuanza kuitafuta mtandaoni kama jina la ugonjwa, lakini 41 inasema tu “nimewaka, na safari iliyopita sikuzimwa kwa utaratibu”. Hilo tunalijua tayari. Kinachotuhusu kiko kwenye kichupo cha Details: mstari wa BugcheckCode.

Kama BugcheckCode ni 0, mara zote au karibu zote, mashine haikuaga. Twende kwenye umeme na joto. Kama ni 278, hiyo ni hesabu ya kawaida ya kosa linaloandikwa 0x116 kwenye skrini ya bluu, yaani kadi ya grafiki iliacha kujibu na Windows ikashindwa kuiamsha. Ni 292? Hiyo ni 0x124, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu: prosesa, RAM, mazabodi, au umeme unaovilisha. Ukiona 26, shuku RAM. Sufuri si msahafu, maana zipo ajali ambazo Windows ilitaka kuandika ikashindwa, lakini sufuri kumi mfululizo ni ushahidi mzito.

Sasa chukua daftari la karatasi. Kwa siku tatu andika: saa ngapi video ilianza, saa ngapi ilizima, mlikuwa mnaangalia nini, na kama ilitoka mtandaoni au kwenye diski. Najua inachosha. Lakini mpangilio wa dakika unasema mengi kuliko kifaa chochote nilichonacho dukani. Kama mara ya kwanza inazima baada ya dakika 25, ukaiwasha ikazima baada ya 10, ukaiwasha tena ikazima baada ya 4, hilo ni joto, kwa sababu kila ukianza upya unaanzia pale ulipoachia. Kama ni ovyoovyo, leo dakika 3, kesho saa nzima, hilo linanukia umeme. Na kama ni pale pale kwenye filamu ile ile, faili au draiva ndiyo ya kuangaliwa, wala usifungue kasha.

Nianze na joto kwa kuwa ndilo rahisi, na kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani nilizoingia nimekuta kitu kile kile: kompyuta imesukumwa ndani ya kabati la televisheni, mgongo umegusa ukuta, na juu yake kuna kitambaa cha kufuma, kizuri kabisa, kilichoziba matundu ya hewa. Kama chako kipo, samahani, kitafutie meza nyingine.

Pakua programu ya bure kama HWiNFO au Core Temp, iache wazi pembeni, weka video. Kwa chumba cha Tanga chenye nyuzi 31 au 32, prosesa ikiwa kwenye 60 hadi 75 wakati wa video, hiyo ni hali yake. Ikipita 85 kuna vumbi au pesti ya kupitisha joto imekauka. Ikigonga 95 na kuendelea, tumeshapata mtuhumiwa. Ila nikutahadharishe na jambo ambalo mafundi wengi wanalipindisha: prosesa za Intel za zama hizo zikichemka haziruki moja kwa moja kwenye kuzima. Kwanza zinajipunguza kasi. Utaona video inakwamakwama, sauti inakatika, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Zikishindwa hata hapo ndipo zinakata, na zikikata kwa joto mashine kwa kawaida inabaki imezima hadi uiwashe kwa mkono. Wewe umesema inaanza upya yenyewe, papo hapo, wala hukutaja video kukwamakwama. Kwa hiyo joto la prosesa silipi nafasi ya kwanza. Joto la kadi bado lipo mezani, maana feni ndogo za zile kadi fupi hukwama mapema.

Hata hivyo safisha, kwa sababu ni bure. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu. Ukitazama kati ya feni na mabati ya kupozea prosesa, usishangae kukuta vumbi limejisuka hadi linatoka kipande kizima, kama kipande cha blanketi la kijivu. Zuia panga za feni kwa kidole unapopuliza, zisizunguke kwa upepo wa blowa. Pesti kati ya prosesa na mabati ikiwa imekauka na kuwa kama chokaa, ifute kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, basi. Nimeona watu wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayozidi inamwagikia pembeni na haipozi chochote.

Sasa umeme. Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu kwa maelezo yako ndipo moyo wangu ulipo.

Pawa saplai inabadilisha umeme wa ukutani, volti 230 zinazopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kuwa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayofanya kazi ya pipa la maji: bomba likikatika kidogo, nyumba inaendelea kutumia maji ya pipa. Kipimo kilichozoeleka cha pawa saplai za ATX (muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani) ni kwamba umeme ukikatika ghafla, pipa hilo litoshe kwa milisekunde 16 hivi ikiwa imebeba mzigo kamili. Ni kidogo sana. Wimbi moja tu la umeme wa nyumbani ni milisekunde 20.

Halafu kuna waya mmoja, kwenye ATX za kawaida ni wa kijivu, kazi yake ni kupeleka salamu moja tu kwenye mazabodi: umeme uko sawa, umeme uko sawa. Volti zikiyumba kupita kiasi salamu inakatika. Mazabodi ikikosa salamu inaangusha kila kitu hapo hapo. Salamu ikirudi, inaanza upya kana kwamba umebonyeza kitufe. Skrini nyeusi, nembo, Windows. Hakuna bluu, hakuna onyo, BugcheckCode 0. Soma swali lako tena, dada, umeandika kitu hicho hicho.

Na kwa nini ukiwa kwenye hesabu haitokei? Kwa sababu pipa halikauki kwa kasi moja. Ukiandika tarakimu, kompyuta nzima inakula umeme kama balbu ya zamani ya wati 40. Ukiweka video, prosesa yako inaamka, nayo imetengenezwa kufika wati 77, na kadi ya mpwa wako inaweza kufika wati 60. Makasha madogo ya ofisi ya miaka hiyo, yale yanayokuja mtumba kutoka Ulaya, mengi yana pawa saplai ya wati 240 tu. Ikiwa mpya inatosha. Baada ya miaka kumi na zaidi ya joto, kapasita zimezeeka na pipa la lita 100 sasa linachukua 40. Umeme ukikonyeza kidogo wakati wa hesabu, linatosha. Ukikonyeza wakati wa video, limekauka.

Ni nani anaufanya umeme ukonyeze? Wakati mwingine ni waya za mtaani. Mara nyingi yuko jikoni kwako. Niliwahi kumuuzia mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, pawa saplai asiyoihitaji. Kompyuta yake ilikuwa na ugonjwa kama wako, nikapima, nikabadilisha, nikapokea pesa. Siku ya tatu akanipigia: bado. Nikaenda kwake usiku, tukakaa sebuleni tunaangalia mechi aliyoihifadhi kwenye diski. Baada ya muda friji ikaguruma, balbu ikafifia kama mtu anayekonyeza, kompyuta ikaondoka. Mkewe alikuwa anamenya ndizi pembeni, hata hakuinua kichwa. “Kila friji likianza,” akasema. Alikuwa analijua siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Friji na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja, tena ya zile nyembamba, ambayo soketi yake ya pembeni ilikuwa imeungua rangi ya kahawia. Mota ya friji inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na kwenye waya mwembamba wenye kiungo kilicholegea, volti za jirani zinaanguka. Tulihamisha friji kwenye soketi yake ya ukutani, ekstensheni tukaitupa, na pesa ya pawa saplai nilimrudishia.

Kwa hiyo usiku wa pili wa daftari lako, chomeka kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukutani. Friji, pasi, pampu ya maji, vyote viende kwingine. Andika kama kuna nafuu. Angalia taa ya chumba pale mashine inapozima: ikififia kwa wakati mmoja, jibu unalo.

Kama una UPS, kile kisanduku chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika, usiitegemee kabla hujaipima. Betri za ndani kwa kawaida zinakaa miaka 3 hadi 5, na kwa joto letu pungufu ya hapo, kisha UPS inageuka ekstensheni nzito yenye taa ya kijani. Kipimo ni rahisi: ondoa kompyuta, chomeka taa ya mezani kwenye UPS, chomoa UPS ukutani. Taa ikizima, betri imekwisha. Inabadilishwa peke yake, huhitaji UPS mpya.

Pawa saplai yenyewe unaipimaje? Kwa multimita, video ikiwa inacheza, kati ya waya wa njano na mweusi kwenye soketi ya akiba: inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikiwa 11.2, ibadilishe bila mjadala. Lakini ikionyesha 12.0 safi usiitangazie uzima, kwa sababu multimita ya kawaida haiwezi kuona kuanguka kwa milisekunde 20. Hadi namba ibadilike, msiba umeshapita. Kipimo cha kweli ni kuazima pawa saplai nzima inayofanana na kuangalia filamu mbili nayo. Makasha madogo ya ofisi mara nyingi yana umbo na plagi zake, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi unapoitafuta. Wala usikubali kuuziwa yoyote kwa kuwa kibandiko kimeandikwa wati 500. Kibandiko hakina adabu. Ipime kwa uzito wake mkononi na kwa safu ya amperi za +12V.

Usiifungue mwenyewe. Ile kapasita kubwa inashikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na haina huruma na mtu anayeigusa kwa bisibisi. Mimi huifungua baada ya kuiacha na kuimaliza umeme, na mambo ninayoyakuta humo ni riwaya: kapasita zilizovimba vichwa kama maandazi, kutu ya chumvi ya bahari, na mara mbili mayai ya mjusi, meupe, yamepangwa vizuri karibu na feni palipo na joto.

Sasa kadi ya mpwa wako. Hapa una bahati moja: i5-3470 ina grafiki yake ndani ya prosesa. Zima, chomoa waya ukutani, toa kadi, chomeka monita kwenye tundu la mazabodi yenyewe, angalia video siku mbili. Haigharimu hata shilingi. Ikipona, tumebakiwa na washukiwa wawili tu, kadi au pawa saplai iliyokuwa inaibeba. Kumtenganisha mmoja na mwingine, iweke kadi kwenye kompyuta ya mtu mwenye pawa saplai kubwa. Ikizima na huko, kadi ndiyo. Ikitulia huko, pawa saplai ndiyo. Na kama watoto hawachezi gemu tena, mimi nisingeirudisha kabisa.

Kama daftari la Windows lilionyesha 278, au umekuta jina nvlddmkm kwenye mistari yake, hiyo ni draiva ya NVIDIA inalalamika. Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu kabla ya kuigonga bega. Kabla ya kuilaumu kadi, ondoa draiva yote kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), kisha weka iliyotoka kwenye tovuti ya NVIDIA yenyewe, siyo ile Windows iliyojichagulia. Na kwa majaribio, ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, uzime matumizi ya grafiki kuharakisha kazi. Ikitulia baada ya hapo, njia ya video kupitia kadi ndiyo mbovu.

Kuna jambo dogo la YouTube ambalo linaweza kukuchanganya kwenye daftari lako. Unaweza kukuta filamu ya kwenye diski inafika mwisho salama, lakini katuni za YouTube zinazimisha. Usidhani intaneti inaua kompyuta. Filamu nyingi za diski zimebanwa kwa mtindo wa H.264, na grafiki ya mashine yako inajua kuifungua kwa sehemu maalumu isiyokula nguvu. YouTube mara nyingi inatuma mtindo mwingine, VP9. VP9 ilikamilika 2013, prosesa yako ni ya 2012, hivyo haina sehemu ya kuifungua, na kadi ya GTX 750 Ti haikusaidii hapo. Kazi yote inaangukia prosesa, mzigo unapanda, joto linapanda, pipa linakauka. Bonyeza kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, tazama mstari wa Codecs: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, na av01 ni AV1 ambayo ni nzito zaidi. Ukiweka kiongezi kinachoitwa h264ify kwenye kivinjari, YouTube inalazimika kutuma H.264. Hiyo haitibu pawa saplai mbovu, lakini inaweza kuwapa watoto katuni zao wakati unatafuta nyingine, na kushusha video hadi 480p kunasaidia vilevile.

RAM nimeiweka nyuma kwa sababu RAM mbovu ingekusumbua hata kwenye hesabu. Ila ukiwa umefungua kasha, itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa, irudishe hadi isikike “ka”. Hewa ya bahari inaweka utando pale, na nimeshaona mashine zikipona kwa kifutio hicho hicho. Kama vipo vipande viwili, jaribu kimoja kimoja.

Na mazabodi? Kompyuta ikishakuwa kwenye soketi yake peke yake, bila kadi, imesafishwa, kwa pawa saplai ya kuazima, na bado inaondoka bila kuaga, washa Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, angalia video humo. Ikizima na huko, Windows haihusiki, na hapo ndipo nitakubaliana na fundi wako. Tazama kapasita zinazoizunguka prosesa. Zenye vichwa vilivyovimba au vinavyotoa uchafu wa kahawia zinabadilishwa na fundi mwenye mkono mtulivu kwa gharama ndogo kuliko mashine mpya. Chelezo ya hesabu za duka lako ifanye leo, kwenye flashi au diski ya nje, usisubiri majibu haya: kila kuzima kwa ghafla ni fursa ya faili kuharibika.

Baada ya siku tatu nitumie vitu vitatu: ukurasa wa dakika zako, namba ya BugcheckCode, na picha ya kibandiko cha pawa saplai upande wenye safu ya +12V. Na muulize dada wa kazi, au yeyote anayeshinda jikoni, kama ameona taa inakonyeza.